Pango la Noeli kwenye uwanja wa jiji: njia nne zilizojaribiwa Marekani, na ipi imfae nani

Kila Desemba miji ya Marekani huanza tena ugomvi uleule. Mmoja amezoea tangu utotoni kuona pango la Noeli, yaani sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, mbele ya ofisi za jiji. Mwingine anauliza kwa nini kodi yake inunue sanamu za dini isiyo yake. Wa tatu anasema sawa, basi na yangu iwekwe pembeni. Halmashauri iliyobanwa katikati hutafuta jibu la kumridhisha kila mtu, na jibu hilo halijapatikana tangu kesi ya pango ifike Mahakama ya Juu na kuamuliwa mwaka 1984. Kinachowezekana ni kuchagua lawama. Kila njia kati ya hizi nne ina watu wake wa kulalamika, na kazi ya kamati ni kujua malalamiko yapi inaweza kuyabeba.

Swali linalotangulia yote

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani yanaiambia serikali mambo mawili kwa mkupuo mmoja: isisimike dini, na isiwazuie watu kuabudu wala kusema. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni dini gani iliyowekwa pale uwanjani, uliza nani anasema. Jiji likipamba lenyewe, hiyo ni kauli ya serikali na sharti la kwanza linahusika. Jiji likifungua uwanja kwa yeyote, kisha kanisa likaleta pango lake, hiyo ni kauli ya kanisa, na jiji likilikataa kwa sababu ni la dini, jiji ndilo linalovunja Katiba.

Wengi hudhani jibu liko kwenye hati ya kiwanja. Haliko huko. Katika kesi ya Pawtucket, jimbo la Rhode Island, bustani ilikuwa mali ya shirika lisilo la faida, lakini mapambo yalikuwa ya jiji, kwa hiyo kilichopimwa kilikuwa kauli ya jiji. Katika kesi ya Columbus, Ohio, uwanja ulikuwa wa serikali ya jimbo, lakini msalaba uliletwa na kikundi binafsi, kwa hiyo kilichopimwa kilikuwa uhuru wa kikundi hicho. Halmashauri isiyojua iko upande gani kati ya hizo mbili haijawa tayari kuchagua njia yoyote hapa chini.

Njia ya kwanza: jiji lipambe lenyewe, lichanganye

Hii ndiyo njia kongwe na ndiyo inayopendwa zaidi na wanasiasa, maana picha zake ni nzuri. Pawtucket ilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 40. Kulikuwa na nyumba ya Baba Krismasi, kulungu wa kuvuta gari lake, mti wa Krismasi, sanamu za waimbaji, mchekeshaji, tembo, dubu, bango la salamu za msimu, na katikati ya hayo yote pango lenye Mtoto Yesu, Maria na Yosefu. Pango lenyewe jiji lililinunua mwaka 1973 kwa dola 1,365, na kulisimika na kulibomoa kila mwaka kuligharimu kama dola 20 tu. Majaji walilipitisha kwa kura 5 dhidi ya 4, wakisema lisomwe pamoja na vyote vilivyolizunguka.

Miaka mitano baadaye, 1989, ikaja Pittsburgh. Huko pango la chama cha Kikatoliki cha Holy Name Society liliwekwa peke yake kwenye ngazi kuu ya mahakama ya kaunti, malaika juu yake akiwa na bango la Kilatini la kumtukuza Mungu. Likakataliwa. Mtaa mmoja mbele, nje ya jengo la jiji na kaunti, menora yenye futi 18, kinara cha taa cha Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya Desemba, ilisimama karibu na mti wa Krismasi wa futi 45 na kibao cha meya kuhusu uhuru. Ikaruhusiwa. Mawakili wakatoka na utani ambao hadi leo haujafa, kwamba hii ni kanuni ya kulungu wa plastiki: weka wanyama wa kutosha kuzunguka Mtoto Yesu na Katiba itakuacha.

Utani huo unachekesha, ila ndani yake ndimo ulimo udhaifu wa njia hii, na Jaji Harry Blackmun aliuona mapema. Akipinga hukumu ya 1984, aliandika kwamba pango likiwekwa na jiji katika mazingira kama yale, Mkristo anashindwa kulipokea kwa maana yake takatifu na asiye Mkristo bado anajiona mgeni, na kwamba huko ni kutumia vibaya alama takatifu. Yaani unalipia pande zote mbili. Shule za New York zilifika mbali zaidi. Sera yao iliruhusu mti wa Krismasi, menora, na nyota na mwezi mwandamo, kwa hoja kwamba hizo ni alama zenye upande wa kidunia, ikakataza pango. Mahakama ya rufaa iliikubali sera hiyo mwaka 2006. Hebu fikiria: ili mwezi mwandamo uingie darasani, ofisa wa elimu alilazimika kutamka kwamba si wa dini sana. Sidhani Mwislamu anayeshika dini yake angejisikia amekaribishwa kwa kauli hiyo, na Wayahudi wengi nao wangeuliza ni nani alimpa ofisa huyo kazi ya kupima utakatifu wa menora.

Kuna jambo la kisheria ambalo makala nyingi za zamani mtandaoni hazina. Kipimo cha 1989, cha kuuliza kama mtazamaji wa kawaida angeona serikali inaunga mkono dini, kimewekwa kando. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliuacha msalaba wa futi 40 wa Bladensburg, Maryland, ubaki kwenye ardhi ya umma, ikizipa alama kongwe nafasi ya kudhaniwa kuwa halali. Mwaka 2022, katika kesi ya kocha wa mpira wa shule ya Bremerton aliyekuwa akisali uwanjani, ikasema kipimo sasa ni desturi na uelewa wa kihistoria. Kwa mji ambao umekuwa ukipamba kwa miongo, upepo umegeuka upande wake. Kwa mji unaotaka kuanza mwaka huu, hoja ya historia haina wa kuibeba.

Nguvu ya njia hii ni kwamba jiji linashika usukani. Tangu hukumu ya Pleasant Grove, Utah, ya 2009, iliyopitishwa bila jaji hata mmoja kupinga, ni wazi kwamba mnara wa kudumu ambao mji umeukubali bustanini ni kauli ya mji, na kuukubali huo hakuulazimishi kupokea mingine. Kwa mapambo ya muda jambo haliko wazi kiasi hicho, lakini mantiki inafanana: ukinunua mwenyewe, ukatunza mwenyewe na kuamua mwenyewe, hakuna wa kukudai nafasi.

Njia ya pili: fungua uwanja, kila mtu alete lake

Kwenye karatasi hii ndiyo njia ya haki kuliko zote. Jiji halisemi neno, linatoa kibali tu. Anayeleta anagharimia, anasimika na anabomoa. Kanisa, sinagogi, msikiti, chama cha wasioamini Mungu, wote kwa fomu moja.

Shida ni kwamba "wote" maana yake ni wote. Desemba 1993 bodi inayosimamia uwanja wa bunge la Ohio kule Columbus iliruhusu mti wa Krismasi na menora, kisha ikapokea ombi la Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa rangi, la kusimika msalaba. Ikakataa. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ikasema, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba haikuwa na haki ya kukataa. Klan wanachukiwa, na bodi ilikuwa na kila sababu ya kuwachukia, lakini uwanja uliofunguliwa haufungwi kwa mmoja.

Tangu hapo majengo ya mabunge ya majimbo yamekuwa maonyesho ya kila kitu. Florida mwaka 2013 iliona mlingoti wa Festivus, sikukuu ya mzaha, uliotengenezwa kwa makopo ya bia ukisimama karibu na pango, pamoja na sanamu ya mungu wa tambi, aliyebuniwa kuidhihaki dini. Mwaka huohuo ikawakataa The Satanic Temple, kundi linalojiita Hekalu la Shetani, kwa madai kwamba kazi yao ni ya kuudhi mno, na mwaka uliofuata, tishio la kesi likiwa mezani, ikawakubali. Illinois mwaka 2018 ilipokea kutoka kwa kundi hilohilo sanamu ya mkono ulioshika tunda, nyoka amejiviringisha, ikakaa ukumbi mmoja na pango na menora. Iowa mwaka 2023 sanamu yao ilivunjwa na mgeni kutoka jimbo jingine, akashtakiwa. Kule Olympia, jimbo la Washington, mwaka 2008 kibao cha wasioamini Mungu kiliibwa kikaja kufikishwa kwenye kituo cha redio, maombi mengine yakafurika, na serikali ikasitisha kupokea zaidi.

Inafaa kusema kwamba wengi wa hawa wa mwisho hawaji kwa sababu wana sikukuu Desemba. Wanakuja kuthibitisha kwamba mlango uko wazi kweli, na wengine wanatumaini utafungwa. Ukichagua njia hii huku moyoni unatarajia watakuja majirani wazuri tu, umechagua kitu ambacho hakipo.

Illinois ilifanya jambo moja ambalo ningeliiga bila kusita: iliweka kibao kinachosema kwamba Katiba inailazimu serikali kuruhusu maonyesho ya muda ya watu, mradi yasilipiwe na kodi. Jaji Antonin Scalia alikuwa ameshaandika katika kesi ya Columbus kwamba serikali inayoogopa kueleweka vibaya inaweza kudai kila onyesho la mtu binafsi liandikwe kuwa ni la mtu binafsi. Hakuna njia rahisi kuliko kibao hicho ya kuonyesha anayesema ni nani, na bado miji mingi haikiweki.

Hatari yenyewe kubwa iko kwenye kufungua bila kukusudia. Boston ilikuwa na mlingoti mbele ya ofisi za jiji ambao vikundi vingeweza kuomba kupandishia bendera. Kati ya 2005 na 2017 ilikubali mara 284, haikukataa hata mara moja, na haikuwa na maandishi ya maana kuhusu kukubali na kukataa. Kisha ikakataa bendera ya Kikristo. Mwaka 2022 majaji wote tisa wakasema bendera zile hazikuwa kauli ya jiji, kwa hiyo kukataa ile moja kulikuwa ubaguzi wa maoni. Jiji likalipa zaidi ya dola milioni 2 za mawakili wa upande wa pili, kwa sababu sheria ya Marekani inamwezesha anayeshinda kesi ya haki za kiraia dhidi ya serikali kudai gharama zake. Baadaye Boston ikaandika upya utaratibu, sasa bendera inahitaji uamuzi wa halmashauri au meya. Yaani ilirudi njia ya kwanza, ila kwa bei kubwa.

Njia ya tatu: funga kwa wote

Santa Monica, California, ilikuwa na mapango bustanini kando ya bahari tangu miaka ya 1950, matukio 14 ya maisha ya Yesu yakiwa yamepangwa kwa mstari. Maombi yalipozidi, jiji likapiga bahati nasibu. Mwaka 2011 wasioamini Mungu walipata nafasi 18 kati ya 21. Wakristo wakabaki na mbili, Wayahudi moja. Nafasi nyingi za wasioamini ziliachwa tupu, nyingine zikawekwa maandishi ya kukejeli, na mji ukawaka. Juni 2012 halmashauri ikapiga marufuku maonyesho yote yasiyo na mtu wa kuyasimamia bustanini. Waliokuwa na mapango wakashtaki, wakashindwa, na mahakama ya rufaa ikalibariki katazo hilo mwaka 2015.

Kisheria hii ndiyo njia salama kuliko zote: katazo halitaji dini, linamgusa kila mtu sawasawa. Kijamii ni ghali. Anayepokonywa kitu alichokizoea kwa miaka 60 hasikii neno "usawa", anasikia amefukuzwa. Na lawama inaweza kumwangukia asiyeitaka. Uwanja wa ndege wa Seattle-Tacoma, Desemba 2006, rabi aliomba menora iwekwe pamoja na miti ya Krismasi, wakili wake akataja kesi, na uongozi ukang'oa miti yote usiku. Hakuna aliyekuwa ameomba miti iondolewe. Hasira za umma zikamwendea rabi, ambaye akasema hatashtaki, na miti ikarudishwa ndani ya siku chache. Kama kuna mfano wa kufunga kwa woga badala ya kufunga kwa sera, ni huu.

Njia ya nne: alama ziende penye mwenyewe, watu waje uwanjani

Mapango ya Santa Monica hayakufa, yalihamia ardhi ya watu binafsi. Nyasi za kanisa zilizo kando ya barabara kuu huonekana na madereva wengi kuliko bustani, na hakuna halmashauri inayoweza kupunguza maneno kwenye bango la malaika. Upande wa pili wa njia hii ni tukio la saa chache lenye watu: kuwasha menora, igizo la pango lenye watu hai, kwaya. Katazo la Santa Monica liliwaachia wenye sherehe mlango huo, kwa sababu lilihusu vitu vinavyoachwa bila msimamizi.

Naipenda njia hii kuliko nyingine, na sababu yangu si ya kisheria. Kitu kilichoachwa uwanjani mwezi mzima kinaonekana kama cha jiji hata kikiwa na kibao. Watu waliosimama kwa saa mbili jioni na mishumaa mikononi, hakuna anayewachanganya na serikali. Zaidi ya hayo, asiye wa dini hiyo anaweza kusogea akauliza, jambo lisilowezekana kwa sanamu.

Lakini njia hii haina mvuto kwa kikundi kidogo ambacho hakina kiwanja kizuri mjini. Kwao uwanja wa umma ndipo mahali pekee wanapoweza kuonekana. Menora za hadharani zilianzia hivyo: wafuasi wa Chabad, kundi la Wayahudi wa Kiorthodoksi, waliwasha ya kwanza mbele ya Kengele ya Uhuru kule Philadelphia mwaka 1974, na mwaka 1979 Rais Jimmy Carter alihudhuria ya Washington. Si Wayahudi wote waliofurahi. Viongozi wa Wayahudi wa upande wa mageuzi walizipinga, wakihofu kwamba zinabomoa ukuta uliowalinda wao wenyewe dhidi ya dini ya walio wengi. Hivyo usidhani kwamba ukizungumza na kiongozi mmoja wa dini fulani umeshajua wenzake wanataka nini.

Ufaransa ilikata kwa mahali

Wafaransa wana sheria ya mwaka 1905 inayokataza alama za dini kwenye majengo na maeneo ya umma, isipokuwa kwenye nyumba za ibada, makaburi, makumbusho na maonyesho. Novemba 2016 Baraza la Taifa, ambalo ndiyo mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala, liliamua kuhusu mapango kwa kutenganisha mahali. Ndani ya jengo lenye ofisi za mamlaka, pango haliruhusiwi isipokuwa mazingira, hasa desturi ya eneo, yanaonyesha kuwa ni la kitamaduni, kisanaa au kisherehe. Mahali pengine pa umma wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka, linaruhusiwa mradi halihubiri. Pango la ofisi za mji wa Melun likaanguka. Pango la mkoa wa Vendée, ambako walikuwa na desturi ya miaka mingi, likaja kuruhusiwa na mahakama ya rufaa mwaka 2017.

Mmarekani hawezi kunakili kanuni hiyo, ila swali lake linamfaa. Pittsburgh nayo, ukiitazama hivyo, ilianguka pale ambapo raia huenda kuhukumiwa na ikasimama nje barabarani.

Sasa, nani achukue ipi

Mji mdogo wenye pambo kongwe na bila mgogoro ubaki njia ya kwanza, uandike kwenye kumbukumbu za kikao kwamba pambo ni la mji na mji ndio unaolichagua, na usipokee mchango wa sanamu kutoka kwa kikundi chochote bila uamuzi ulioandikwa. Mtu akija kuomba kuongeza lake, jibu liwe ndiyo au hapana ya halmashauri, kamwe lisiwe "weka tu pale".

Jengo la bunge au uwanja ambao tayari hutumika kwa maandamano na mikutano hauna namna ya kujifanya umefungwa. Huko ni njia ya pili, na kanuni ziwekwe kuhusu ukubwa, idadi ya siku, umbali kati ya maonyesho, bima na kibao cha mwenye kitu. Zisiwepo kanuni kuhusu maudhui. Kamati isiyoweza kuapa kwamba itampa kibali yule inayemchukia kuliko wote iondoke hapa mapema.

Shule na mahakama ningezipeleka njia ya tatu bila mjadala mrefu. Mtoto na mshtakiwa hawakuchagua kuwa pale. Uwanja wa ndege, hospitali ya umma, maktaba: mti na taa vinatosha, na ombi la menora lijibiwe kwa sera iliyokuwepo kabla halijafika.

Panapokuwa na makanisa na sinagogi zenye viwanja vyao, na uwanja wa jiji una nafasi ya sherehe za jioni, njia ya nne ndiyo yenye ugomvi mdogo, mradi vikundi visivyo na kiwanja vipewe tarehe nzuri, si Jumanne ya mvua iliyobaki baada ya wengine kuchagua.

Na chochote mtakachochagua, kipigiwe kura katikati ya mwaka. Santa Monica iliamua mwezi Juni, miezi sita kabla ya sikukuu, na uamuzi wake ulisimama mahakamani. Seattle-Tacoma iliamua usiku wa Desemba, ikaubatilisha ndani ya siku chache.